Siku 28 za kufuata sindano na nyundo

Swali limetoka kwa msomaji wa Dodoma, muuguzi: "Nina likizo ya mwaka, siku 28, bado sijaipangia mwezi. Nimejiwekea shilingi milioni mbili na nusu. Nataka kusafiri polepole nikawaone watu wanaotengeneza nguo na vitambaa kwa mikono yao, nikae nao, nijifunze kidogo, si kushuka kwenye gari, kupiga picha na kuondoka. Nimeandika orodha: Zanzibar, Mombasa, Lamu kwa wafumaji wa vikoi, Kampala kwa nguo za magome, na Addis Ababa. Nianzie wapi? Na nifanyeje nisionekane mwizi wa picha?"

Dada yangu, orodha yako ni nzuri, ila ni ya safari tano. Ukiifuata yote ndani ya siku 28, nusu ya likizo utaimaliza kwenye viti vya mabasi na nusu nyingine kwenye foleni za mipakani. Najua kwa sababu nilishafanya hivyo. Safari yangu ya kwanza ya namna hii nilipita miji minne kwa siku tisa. Katika mji mmoja niliingia duka moja nikanunua kofia 11, muuzaji akinihakikishia kwamba zote ni za mkono, zimeshonwa Lamu. Nilipofika Lamu nikamwonyesha mzee mmoja aliyekaa barazani na sindano yake. Hakusema neno. Aliichukua kofia ya juu, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mishono, kisha akanirudishia huku akitabasamu kama mtu anayemrudishia mtoto noti bandia. Kofia zote 11 zilikuwa za mashine.

Kwa hiyo jibu langu linaanzia hapo: usichague mji, chagua kazi. Kila kazi ya mkono ina msimu wake na mwendo wake. Ukishajua ni kazi ipi unayoitaka, mwezi wa likizo utajulikana wenyewe, na idadi ya siku pia. Nawe una bahati wengi hawana, kwamba mwezi bado hujaupanga.

Kwanza niitoe Addis. Wafumaji wapo kweli, na ni hodari. Wadorze kutoka milima ya Gamo, huko Chencha, wanajulikana Ethiopia nzima kwa kufuma shema, yaani shuka za pamba, na wengi wao wamehamia mjini, kando ya soko la Shiro Meda. Kule wanawake husokota pamba, wanaume hufuma. Lakini ni safari ya peke yake, kwa bajeti ya peke yake. Iweke mwaka mwingine.

Pili, vikoi vya Lamu. Hapa lazima nikuvunje moyo kidogo. Vikoi vingi unavyoviona madukani vimetoka viwandani, na miaka mingi pwani imevaa vikoi vilivyofumwa ng'ambo. Si kwamba watu wa pwani hawakujua kufuma. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za mji ule zinasafirishwa hadi Misri. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vile vigurudumu vidogo vya udongo vinavyowekwa kwenye pia ya kusokotea pamba. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika jambo ninalolipenda sana kuhusu watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji: walikuwa wanafuma nguo nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo, basi wakanunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, bandari ya India, wakavifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Hebu fikiria uvumilivu huo.

Kilichofuata unakijua kwa jina hata kama hukujua ni historia: merikani. Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani kilianza kumiminika Zanzibar katika karne ya 19, cha bei nafuu, kigumu, kingi, na misafara ikakichukua hadi ndani kabisa ya bara. Wanyamwezi na Wafipa nao walikuwa na vitanda vyao vya kufumia, na vyenyewe vikapungua hadi kunyamaza. Ndiyo maana ukienda pwani leo ukiulizia mfumaji, utazungushwa mitaa mitatu kisha uletwe kwa muuza vikoi. Kilichosalia pwani ni sindano.

Na usiende Mombasa ukitarajia kumwona fundi wa kanga. Kanga hutoka kiwandani, na nyingi zinachapwa India. Fundi wake, kama yupo, ni yule anayetunga jina la kanga. Hilo linatosha jioni moja: nenda mtaa wa Biashara, kwenye duka la Mali ya Abdulla ambalo lipo tangu 1887, simama pembeni usikilize akina mama wanavyobishana jina lipi linamfaa wifi na lipi litaleta ugomvi. Kisha endelea na safari.

Zimebaki kazi mbili ambazo mimi ningezipa likizo yangu: kofia za mkono za Lamu, na lubugo, ile nguo ya magome ya Buganda, Uganda. Si zote mbili kwa pamoja. Moja tu.

Nianze na lubugo, kwa sababu ndiyo yenye msimu mkali zaidi. Lubugo ni nguo inayotokana na gome la ndani la mti wa mutuba, jamii moja na mikuyu yetu. Haifumwi wala haisokotwi, inapondwa. Gome huvunwa wakati wa mvua, mti unapokuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo lenga Machi hadi Mei, au mvua za pili, Septemba hadi Novemba. Ukienda Julai utaona nguo iliyokwisha tengenezwa, utaambiwa hadithi, na utaondoka bila kusikia mlio wa nyundo.

Na mlio huo ndio unaokupeleka. Fundi huparua kwanza ngozi ya nje ya mti kwa kisu. Hukata duara juu na duara chini, huchana mstari mmoja wa wima, kisha huingiza kabari iliyochongwa kwenye shina la mgomba, akalegeza gome taratibu kulizunguka shina zima. Kabari ya mgomba kwa sababu ni laini, haiujeruhi mti. Gome hutoka zima, kama mkono wa shati unaovuliwa. Mti unabaki mweupe, umelowa, na hapo ndipo nilipogundua hawa watu ni wauguzi kama wewe: kabla hata ya kuanza kazi kwenye gome, fundi huufunga ule mti kwa majani ya mgomba, akaufunga kwa kamba ya mgomba vilevile, kama bandeji. Baada ya siku kadhaa hufunguliwa. Gome huota upya, na mti uleule huvunwa tena mwaka unaofuata, miaka mingi.

Gome likishalainishwa kwa moto au mvuke, hupelekwa kwenye banda lililo wazi pembeni lakini lenye paa, lisikaushwe na jua haraka. Hulazwa juu ya gogo refu, na kazi ya kuponda huanza. Nyundo ni za mti, zimechongwa mistari: ya kwanza ina mistari mipana, inayofuata myembamba, ya mwisho laini zaidi. Watu wawili au watatu hukaa upande mmoja wakipokezana, na kwa kila pigo lile gome linapanuka kidogo. Unaanza na kitu chenye upana wa mkeka mwembamba wa kusalia. Jioni unaangalia shuka. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Matundu hushonwa viraka kwa ustadi kiasi kwamba utavitafuta kwa vidole, si kwa macho.

Kazi hii imeshikwa zaidi na ukoo wa Ngonge, na mkuu wao kwa urithi huitwa kaboggoza. Lubugo ilivaliwa na kabaka, mfalme wa Buganda, na watu wake, na mpaka leo huzikiwa nayo maiti, na huonekana kwenye kutawazwa na kwenye shughuli za mila. UNESCO waliitangaza urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingia kwenye orodha. Ukipita Kampala, makaburi ya wafalme Kasubi yaliyoungua Machi 2010 yamejengwa upya, na pazia la lubugo ndilo linalotenganisha walio hai na waliolala.

Nimetaja merikani hapo juu kwa makusudi. Mwaka 1844 wafanyabiashara waliotoka pwani yetu walifika kwa Kabaka Suuna wakiwa na vitambaa vya pamba. Tangu hapo lubugo ilianza kusukumwa pembeni, kwanza kwa wakubwa, kisha kwa kila mtu. Kwa hiyo ukikaa kwenye banda lile ukitokea Tanzania, ujue babu zetu walihusika.

Kwa njia, wewe wa Dodoma umekaa vizuri. Huna haja ya kwenda Kampala kwanza. Pita Mwanza, Bukoba, uvuke mpaka pale Mutukula, na mji wa Masaka utaufikia kabla ya jiji. Mafundi wengi wako vijiji vya upande huo. Bukoba yenyewe simama siku mbili. Wahaya nao walivaa magome, na wazee wanaokumbuka bado wapo. Viza huhitaji. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, ingawa wewe wa kazi hiyo sina haja ya kukukumbusha.

Kuhusu lugha, kuwa mpole. Uganda imekikubali Kiswahili kwenye katiba tangu 2005, lakini kwa wazee wengi wa Buganda Kiswahili bado kinanuka kambi ya jeshi. Usiingie kijijini ukikimwaga kama uko Kariakoo. Jifunze maneno manne ya Kiganda, la kwanza likiwa hili: "Gyebale ko, ssebo." Ni salamu ya kumpongeza mtu anayefanya kazi, kama sisi tunavyosema pole na kazi. Mwanamke akiinama kidogo anaposalimia atafunguliwa milango ambayo pesa haifungui.

Sasa Lamu.

Kofia nyeupe za kudarizi, zile ambazo Zanzibar wengi huziita bulibuli, bado zinashonwa kwa mkono Lamu na visiwa jirani. Utaona wanaume wamekaa barazani na kofia gotini, lakini kazi nyingi imejificha ndani, kwa wanawake, na hapo wewe una nafasi ambayo mimi sina. Miaka yote niliyokwenda, nimeishia ukumbini. Utakaribishwa ndani.

Kofia ni vipande viwili tu: kile cha duara cha juu, na ule ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli kwenye kitambaa, na mchoraji si lazima awe mshonaji. Kisha sindano inaingia. Kinachokula muda ni vitobo. Kila kitobo hutobolewa, kingo zake zikazungushiwa uzi mpaka zikaze kama ukingo wa chungu, na kofia moja nzuri ina mamia ya vitobo hivyo. Nilimhesabia mama mmoja, kwa ruhusa yake: alimaliza vitobo vinne katika muda ambao chai yangu ilipoa. Ndiyo maana kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, na ya nakshi nzito huchukua miezi. Hutaiona ikianza na kuisha. Utakachoona ni mwendo wake, ukirudi kila siku baada ya alasiri kwenye kibao kilekile.

Ya mashine utaitambuaje? Igeuze. Ya mashine ndani ni safi na mishono yake inalingana kama meno ya kitana. Ya mkono ndani utaona vifundo vidogo, uzi ulioanza na kuishia, mahali ambapo mtu alichoka akaendelea kesho yake.

Usifike Ramadhani inapokaribia kuisha. Kila mshonaji anakimbizana na maagizo ya Idi, na wewe utakuwa mzigo. Wakati wa Maulidi nao mji hujaa wageni na vyumba hupanda bei, ijapokuwa ni uzuri wa aina yake. Ukienda wakati wa kawaida, wiki mbili zinatosha kuanza kujulikana, na kujulikana ndiko unakokutaka. Siku tatu za kwanza usiulize chochote kuhusu kofia. Nunua mahamri mahali pamoja kila asubuhi. Utaulizwa wewe kwanza.

Kiamu, Kiswahili cha Lamu, pia kitakuchekesha. Kule "njia" ni "ndia", "macho" ni "mato", na "njoo" ni "ndoo". Mzee akikupungia mkono akisema "ndoo", haombi ndoo ya maji. Mimi niliwahi kwenda kuitafuta.

Basi la kwenda Lamu linaishia Mokowe, unavuka kwa boti. Kabla hujaondoka Mombasa uliza hali ya barabara, maana kuna nyakati magari husindikizwa na askari, na kuna siku huambiwa yasubiri. Weka siku mbili za akiba kwa ajili hiyo.

Kama fedha zitapungua kabla ya safari, usiiahirishe. Nenda Pemba ukakae na wasusi wa ukili. Najua ukili si kitambaa, lakini mkeka ni nguo ya sakafu, na kazi yake ina uzuri uleule: kuchana miyaa (majani ya mkindu), kuichemsha na rangi, kusuka ukanda mrefu mwembamba, kisha kuushona ukanda kwa ukanda mpaka uwe mkeka. Na tofauti na kofia, ukili mgeni anaweza kuujaribu siku ya kwanza. Utasuka vibaya, watacheka, watakufumulia, utaanza tena.

Umeuliza kuhusu picha na wizi. Nami nadhani umeuliza swali sahihi kwa jina lisilo sahihi. Picha si tatizo kubwa. Tatizo ni muda wa mtu. Fundi anayekufundisha saa mbili hashoni kwa saa mbili, na analipwa kwa kofia, si kwa saa. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu, kabla hujashika sindano, sema wazi: "Mama, nataka kujifunza kwako siku tano, nikupe kiasi gani?" Atasema si kitu. Uliza tena kesho yake, ukiwa na mtu wa tatu anayemheshimu, na patana. Lipa siku kwa siku, si mwisho, kwa sababu kiporo kikisubiri wiki nzima kinageuka hisani na wote wawili mnaona haya.

Picha ziweke siku za mwisho. Ukipiga uso, chapisha nakala mjini umpelekee. Nakshi mpya usiipige kabisa mpaka uulize. Kuna watu wanaoishi kwa michoro yao, na picha moja kwenye simu ikimfikia mwenye mashine, mchoro umekwenda.

Kununua, usipunguze bei. Najua sisi tumezaliwa sokoni na kupunguza bei ni salamu, lakini kazi ya miezi miwili haina bei ya kupunguza. Kama huwezi, nunua kitu kidogo zaidi. Njia ninayoipenda ni kuagiza: toa arubuni, nusu, mkubaliane nakshi na kipimo cha kichwa, rudi nyumbani, umalizie kwa pesa za simu kofia ikiwa tayari. Hivyo fundi ana kazi hata mvua zikinyesha na wageni wasije, nawe unaendelea kupokea habari zake. Kofia yangu niliisubiri miezi mitano. Ilikuja na bahasha yenye penseli ya mchoro iliyobaki kipande, sijui kwa nini, na bado ninayo.

Kwa bajeti yako, lubugo kupitia Bukoba ndiyo nafuu kwa sababu ni nchi kavu na vijijini hutalipia hoteli. Ukiniuliza mimi, ningeomba likizo Oktoba, nikaenda Masaka wiki mbili, nikarudi taratibu. Lamu ningeiweka mwaka unaofuata, wakati umeshazoea kukaa mahali pamoja bila kuhesabu siku.

Jambo moja dogo kwa kazi yako. Usitangaze kwamba wewe ni muuguzi, la sivyo kesho yake kutakuwa na foleni nje ya nyumba uliyofikia na hutaona gome wala sindano. Lakini kama ukienda Lamu, beba miwani ya kusomea, jozi kumi hivi, ile ya bei rahisi, kuanzia nambari 1.50 hadi 3.00. Wengi wanaoshona kofia wamevuka umri wa macho ya karibu, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe saa kumi na moja jioni hauna huruma. Wape kwenye kisanduku wajaribu wenyewe, mmoja mmoja, kofia mkononi.